Wanaoingia chuo tunawajua. Wanaomaliza je?

Uzi huu ni yale niliyowaambia vijana wenzangu Mama Ngina, hapa Kizingo. Nasomea siasa, lakini leo sitaji chama wala mwanasiasa.

1. Kwenye mijadala ya elimu utasikia: "Tumepeleka vijana wengi chuo kikuu." Sawa, hongera. Ila kuingia si kumaliza.

2. Tangu 2023 Kenya ina mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu. Mwanafunzi hupangwa kwenye bendi kulingana na uwezo wa kwao. Bendi ya 1, familia hulipa asilimia 5 ya karo. Bendi ya 5, asilimia 40. Inayobaki ni ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB.

3. Wanaouunga mkono wasema maskini asaidiwa zaidi. Wanaoupinga wasema wengi wametiwa bendi isiyo yao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba. 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo.

4. Sasa hebu mfikirie binti wa Likoni anayekatiza mwaka wa 3 kwa kukosa karo. Cheti hana, na mkopo uko palepale. Akienda kuomba kazi bandarini haulizwi alifika mwaka wa ngapi. Aulizwa cheti.

5. Basi wakija kuomba kura, jamani, waulizeni: katika walioingia, wangapi wamevaa joho? Na waliokwama njiani, mtawarudisha vipi darasani?

Idadi ya walioingia pekee si jibu.