ALAMU YA MOTOKAA INAYOLIA BURE: MTAFUTE SHAHIDI MWONGO, USIKATE WAYA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, fundi msaidizi wa ishara za reli, katika mkutano wa tawi huko Changamwe, kama alivyoyaandika mwenyewe.)



Bwana Katibu aliniomba niseme habari ya kazi ya mikono itakayomfaa mwanachama nyumbani kwake. Nimechagua habari ya alamu ya motokaa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu siku hizi wamenunua motokaa ndogo zilizokwisha tumika, ziletwazo kutoka Japani kwa njia ya bandari yetu ya Kilindini, na baadhi yake huja na alamu iliyotiwa huko huko kiwandani. Ya pili, mimi mwenyewe niliwaudhi jirani zangu kwa alamu ya namna hiyo, nami nataka kosa langu liwe faida kwenu.

Mwaka 2024 mimi na shemeji yangu tulichanga fedha tukanunua motokaa moja. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, ikaanza kulia usiku. Ililia saa nane, ikalia saa tisa, ikalia tena saa kumi. Nikitoka na kubonyeza remoti, inanyamaza. Nikirudi kitandani, inalia. Usiku wa kwanza watu walichungulia madirishani na mmoja alitoka na rungu. Usiku wa tatu hakuchungulia mtu. Hapo ndipo yafaa mtu ajiulize: je, kama mwizi angalikuja usiku ule, nani angalitoka?

Usiku wa nne niligongewa mlango. Alikuwa jirani yangu, mzee mmoja ambaye ni dereva wa treni. Hakunitukana. Aliniambia, "Kijana, saa kumi na moja nina treni. Leo ni siku ya nne sijalala. Wewe ungekuwa abiria wangu, ungepanda?" Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, sisi katika chama twadai saa za kupumzika kwa wafanyakazi wa zamu, na twadai kwa haki. Basi ni aibu kubwa mwanachama azidai kwa mwajiri, kisha yeye mwenyewe amnyang'anye mwenzake usingizi.

Asubuhi nilipeleka motokaa kwa fundi mmoja. Hakufungua hata boneti. Alisema mtambo wote umekufa, ninunue mwingine, au kama sina fedha akate waya wa king'ora. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini njiani nikakumbuka kazi yangu.

Ninyi mnaofanya kazi ya njia mwaijua habari ya umeme mdogo unaopitishwa katika reli mbili. Mmarekani William Robinson alipewa hati ya uvumbuzi wa mtambo huo mwaka 1872. Treni ikiingia katika kipande kile, magurudumu na ekseli zake huziunganisha reli mbili, umeme haufiki kwenye mtambo wa ishara, na taa huwa nyekundu. Kadhalika waya ukikatika, au reli ikivunjika, umeme haufiki, na taa huwa nyekundu vile vile. Mtambo ukikosea, hukosea upande wa usalama. Basi fundi akiona nyekundu na treni hakuna, je, ataipaka taa rangi ya kijani? Hata kidogo. Hutembea njia, akapima kipande kwa kipande, mpaka apate palipoharibika.

Alamu ya motokaa ni ndugu wa mtambo ule. Kuna sanduku dogo la kompyuta, na lina mashahidi wake: swichi ya kila mlango, swichi ya buti, na swichi ya boneti. Baadhi ya motokaa zina mashahidi zaidi, wa kusikia kitu kinachotembea ndani au motokaa inapoinamishwa. Sanduku halina macho. Shahidi mmoja akisema, "Nimefunguliwa," nalo huamini na kupiga kelele. Kwa hiyo mara nyingi king'ora hakina kosa, wala sanduku halina kosa. Kosa ni la shahidi mmoja mwongo. Kazi yako ni kumtafuta, na kuanza na vitu vya bei rahisi. Nilifanya hivi.

KWANZA, wape jirani usingizi usiku ule ule. Motokaa nyingi, ukifunga milango kwa mkono bila kutumia remoti, alamu haijitegi. Soma kitabu cha motokaa yako, jaribu mchana, kisha usiache kitu cha thamani ndani.

PILI, andika katika karatasi saa inapolia. Ikilia dakika chache tu baada ya kufungwa, shuku swichi, au dirisha lililoachwa wazi, au kitu kinachoning'inia kwenye kioo. Ikilia baada ya saa nyingi, shuku betri. Ikilia siku za mvua au baada ya kuoshwa injini, shuku maji yaliyoingia mahali. Karatasi yangu ilisema: mvua.

TATU, pima betri. Motokaa ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima hupima kama volti 12.6. Ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12, sanduku laweza kubabaika na kulia bila sababu. Injini ikiwaka, vipimo vya kawaida ni kati ya 13.5 na 14.5; visipofika hapo, betri haijazwi sawasawa. Tazama vichwa vya betri pia. Huku kwetu pwani upepo wa chumvi hula chuma upesi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua motokaa kwa remoti ili alamu ilale, zima kila kitu, ondoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, usiyaache yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka vaselini juu.

NNE, tazama betri ndogo ndani ya remoti. Nyingi hutumia ile iitwayo CR2032, ya volti 3, lakini soma namba iliyo juu ya yako. Ikichoka, remoti haiwezi kuizima alamu. Tena motokaa nyingine, ukifungua mlango kwa ufunguo wa chuma baada ya kufunga kwa remoti, hudhani wewe ndiwe mwizi. Hapo ingia, tia ufunguo, na ufungue swichi ya injini.

TANO, milango na buti. Keti ndani usiku, funga yote, utazame taa ya mlango kwenye dashibodi. Mwenzako autikise kila mlango mmoja mmoja, na buti pia. Taa ikimweka mlango ukiwa umefungwa, shahidi mwongo ndiye huyo.

SITA, boneti. Huyu husahauliwa sana, maana motokaa nyingi hazina taa ya kumwonyesha. Naye ndiye akaaye mahali pabaya, mbele kabisa, penye matope, mvua, chumvi, na maji ya nguvu ya waosha magari. Mara nyingi amefungwa pamoja na komeo la boneti. Vuta plagi yake, weka mita kwenye ncha mbili za swichi, upande wa kupima ukinzani. Sukuma komeo kwa bisibisi kana kwamba boneti imefungwa. Mita yapaswa kugeuka mara moja, ama kuonyesha njia iliyoungana ama iliyokatika, na kutulia hapo. Ikiyumbayumba, amepatikana. Angalieni: mkimaliza, vuteni tena mkono wa kufungulia boneti ili komeo lirudi, la sivyo boneti haitafungika.

SABA, ikiwa motokaa yako ina shahidi wa kuinama, kama zilivyo baadhi ya zile za Ulaya, usishangae ikilia katika feri ya Likoni ukiifunga na kushuka. Feri inayumba, na motokaa hudhani inavutwa na mwizi. Kitabu chake kitakuonyesha namna ya kumlaza shahidi huyo kwa safari ile tu.

Yote hayo yakishindikana, mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, ichomekwayo chini ya usukani. Lakini uliza kwanza kama yasoma sanduku la mwili wa motokaa, maana zile za bei ndogo husoma injini peke yake. Baadhi ya masanduku huandika shahidi gani alilia mara ya mwisho.

Sasa maonyo. Plagi na waya za rangi ya manjano mara nyingi ni za mifuko ya hewa inayolipuka wakati wa ajali; usiziguse kwa mita. Usiunganishe waya kwa kubahatisha. Wala usikubali mtu akate mtambo unaozuia injini isiwake bila ufunguo wake. Huo si king'ora, na ukikatwa vibaya motokaa haitawaka hata kwako.

Kwangu mimi shahidi mwongo alikuwa swichi ya boneti. Maji yalikuwa yameingia, na shaba ndani imegeuka kijani. Niliisafisha kwa dawa ya kusafishia umeme, ikakaa kimya wiki mbili. Mvua kubwa ilipokuja ikaanza tena, nikajua kusafisha hakutoshi. Nikanunua komeo lililotumika pamoja na swichi yake, na bei haikufika sehemu ya kumi ya ile aliyotaka fundi kwa mtambo mpya. Tangu siku hiyo haikulia bure.

Nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alisikiliza yote, akaniuliza, "Kwa hiyo ikilia tena?" Nikamwambia, "Ikilia tena, mzee, ni mwizi." Akasema, "Basi nitatoka."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu. Alamu si king'ora tu. Ni ahadi kati yako na jirani zako. Ikilia bure kila usiku, ahadi imevunjika, na ukiikata, imevunjika vile vile. Katika Kenya zilitungwa kanuni mwaka 2009 za kuzuia kelele ziwaudhizo watu, lakini sisi tusingoje kushitakiwa ndipo tuwajali wenzetu.

Mwisho nina ombi. Mita ya umeme si ghali, lakini si kila mtu anayo. Naomba tawi linunue moja, ikae kwa Bwana Katibu, na mwanachama aiazime kwa kutia sahihi katika daftari. Mimi najitolea kumfundisha ye yote kuitumia, Jumamosi baada ya kazi. Naomba ombi hili liandikwe, mlijadili.