Nukuu kama Ushahidi wa Maana: Kamusi ya Samuel Johnson na Iliyofuata Nyayo Zake



Mada yangu inahusu swali moja: anayetuambia kwamba neno lina maana fulani amelikuta wapi? Watunga kamusi wa Kiingereza wa karne ya 17 hawakulazimika sana kulijibu. Walichota kwa waliowatangulia, wakaongeza maneno magumu, wakafasili. Hata Nathan Bailey, ambaye kamusi yake ya 1721 ilienea mno, aliwaeleza baadhi ya wanyama kwa kusema tu kwamba wanafahamika.

Samuel Johnson aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1746 aliingia mkataba na wauza vitabu wa London, akahamia Gough Square, akaajiri wanakili sita, watano kati yao Waskoti. Kisha akasoma. Akikuta neno linalomfaa alilipigia mstari kwa penseli, akatia alama mahali dondoo linapoanza na linapoishia, na pambizoni akaandika herufi ya kwanza ya neno hilo. Wanakili waliliandika kila dondoo kwenye kikaratasi, na vikaratasi vikapangwa kialfabeti. Ushahidi ulipokuwa mezani ndipo maana zilipopambanuliwa. Kwa njia hiyo kitenzi take kilipata maana zaidi ya 100, wingi ambao mtu hawezi kuufikia kwa kukaa na kuwaza. Kamusi ilipotoka mwaka 1755 ilikuwa na vidahizo zaidi ya 42,000 na nukuu zaidi ya 110,000, nyingi za Shakespeare, Milton, Dryden, Bacon na Biblia.

Naiheshimu sana kazi hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo kasoro zake zinanigusa. Johnson aliitwisha nukuu mizigo miwili: ithibitishe maana, na pia imwadilishe msomaji. Alimkataa mwanafalsafa Thomas Hobbes kwa kuyachukia mafundisho yake, ingawa Kiingereza cha Hobbes ni safi. Aliwaepuka waandishi waliokuwa hai, lakini akawapa nafasi Samuel Richardson na Charlotte Lennox. Madondoo yalipozidi nafasi aliyakata, na katika utangulizi wake alikiri kwamba ukataji huo ungeweza kupotosha fikra ya mwandishi. Zaidi ya hayo, mara nyingi alitaja jina la mwandishi tu, bila kitabu wala ukurasa. Msomaji anayetilia shaka fasili hana pa kwenda kuhakiki.

Kasoro hii ya mwisho ilirekebishwa na kamusi ya Oxford, iliyotokana na azma ya Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928. Humo kila nukuu ina mwaka na chanzo chake, na zimepangwa kutoka kongwe hadi ya karibuni, hivi kwamba msomaji anaiona maana ikizaliwa, ikipanuka na wakati mwingine ikifa. Wasomaji wa kujitolea walituma vikaratasi kwa mamilioni. Lakini James Murray, aliyeshika uhariri mwaka 1879, aligundua tatizo ambalo nadhani linatuhusu moja kwa moja. Kwa neno adimu abusion alikuta nukuu kama 50. Kwa abuse, neno la kila siku, hazikufika tano. Wasomaji walidaka kilicho kigeni, wakapita juu ya kilichozoeleka.

Kamusi zetu nyingi za Kiswahili hutoa mifano mifupi isiyo na jina la mwandishi. Tukitaka kuanzisha hazina ya nukuu, kutoka tenzi, riwaya na magazeti, kila dondoo liandikwe pamoja na chanzo, mwaka na ukurasa, na lisikatwe hadi muktadha upotee. Tusiwaachie wasomaji wachague maneno watakavyo. Napendekeza kila msomaji apewe, pamoja na kitabu chake, orodha fupi ya vitenzi kama piga, toa, shika na kaa, aandike kila anapovikuta katika kurasa alizopangiwa, hata pale anapoona maana yake iko wazi kabisa.