KODI YA PANGO BAADA YA MAAFA



Tarehe 3 Desemba, 2023, maji, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Shule zikageuzwa makambi ya walionusurika. Serikali ilichukua jukumu la kuwajengea nyumba huko Waret, na Desemba, 2024 nyumba hizo zikakabidhiwa. Kazi hiyo inastahili pongezi.

Hata hivyo, kati ya Desemba moja na nyingine kuna mwaka mzima. Darasa haliwezi kuwa bweni kwa muda wote huo. Muhula ukifunguliwa, mwalimu analihitaji. Ndugu na jamaa hupokea kwa moyo mkunjufu, lakini wahenga walikwisha kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa kwa msaada wa kodi ya pango.

Ugumu wenyewe unafahamika. Wenye nyumba wengi mijini hudai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka, kwa mkupuo. Mama aliyesombewa godoro, sufuria na mtaji wa genge ataitoa wapi?

Aidha, mpangaji ni mwepesi wa kusahauliwa. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba, 2011, waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Kiwanja humfaa mwenye uwezo wa kujenga. Mpangaji huhitaji kwanza chumba, kwani mafuriko hayaulizi hati ya nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo. Kinachotakiwa ni utaratibu ulio wazi. Orodha ya kaya, wapangaji wakiwamo, iandaliwe na uongozi wa mtaa au kitongoji na isomwe hadharani katika mkutano. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa mkataba wenye tarehe ya mwisho. Atakayepandisha kodi kwa kuwa jirani yake amefikwa na msiba achukuliwe kama mlanguzi yeyote.

Utaratibu huo uandaliwe kabla ya masika. Orodha inayolala mezani kwa mtumishi wiki tatu ni wiki tatu za watoto kulala nje.