Mafuta ya Jua Yafike Pia Magarini

Msikilizaji, kaskazi ndiyo inayovuma, na joto la Malindi na Kilifi sote tunalijua. Tuko chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Adhuhuri, jua hutusimamia utosini. Hata hivyo, wengi huona mafuta ya kukinga jua kuwa mambo ya wageni wa hotelini.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, mafuta hayo ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Ngozi yao ina melanini kidogo mno, na madhara ya jua huanza utotoni. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwapa waliosajiliwa mafuta hayo bila malipo. Mzazi, tafadhali msajili mwanao.

Anayenunua atafute SPF 30 au zaidi, inayozuia miale ya UVA na UVB, na asome tarehe ya kuisha muda. Jipake robo saa kabla ya kutoka, masikio na shingo pia, kisha urudie kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Kofia pana na mikono mirefu bado vinahitajika. Mtoto mchanga akae kivulini.

Waogeleaji wa Watamu waepuke mafuta yenye oksibenzoni, kemikali inayoshukiwa kudhuru matumbawe. Hawaii ilizuia uuzaji wa mafuta ya aina hiyo mwaka 2021.

Nasi tunaiomba Kaunti ya Kilifi: zahanati za Magarini na Ganze zisikose mafuta haya.