Haki ya Mgonjwa Haianzii Makaburini

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa Itaka akifariki mtu hatuitwi mara mbili. Tunaacha mashamba ya kahawa, tunachimba kaburi, tunamsalia maiti. Hilo ni jema, nalo ni faradhi kifaya. Lakini tujiulize: marehemu huyo alipoandikiwa barua ya rufaa, nani alifuatana naye?

Mtazameni bibi wa miaka 70 asiyejua kusoma, ambaye lugha yake ni Kinyiha. Zahanati imempeleka Vwawa; pengine kutoka Vwawa atapelekwa Mbeya. Huko kuna mapokezi, dirisha la malipo, chumba cha daktari, maabara, kurudi kwa daktari na majibu, kisha dirisha la dawa. Muuguzi aliyezidiwa na foleni humwambia, "Nenda kule." Kule ni wapi? Bibi huona haya kuuliza tena, huketi kwenye benchi lisilohusika, na alasiri hutafuta gari la kurudi nyumbani bila kuonwa na daktari. Wala huenda hajui kuwa Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza wazee wasiojiweza, wa miaka 60 na zaidi, watibiwe bila malipo.

Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Kwa Kiarabu huitwa iyada, neno litokanalo na kurudi tena na tena; na leo Waarabu huita zahanati kwa neno hilo hilo. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili awe karibu naye. Katika zama hizo Bi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alikuwa akiuguza majeruhi. Ikiwa mgonjwa aliletwa mpaka msikitini, vipi msikiti wetu ushindwe kumsindikiza mpaka hospitali?

Basi natoa nasaha tatu. Kwanza, vijana wanaojua kusoma wapangwe kwa zamu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wafuatane na wagonjwa wasio na mtu. Pili, fedha tunazopikia pilau ya hitma, jambo lisilo na asili katika Sunna, ziwe nauli ya aliye hai. Tatu, tuwaendee wahudumu kwa adabu, si kwa ugomvi. Nao Waislamu walioajiriwa huko wajue kuwa kumwonyesha mgonjwa mlango ni amana watakayoulizwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.