Kuutayarisha Mtumbwi kwa Uvuvi wa Raha na Salama

(Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, Marangu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wengi wenu mlitazamia kwamba Katibu angesimama hapa kusoma hesabu za kahawa. Hesabu hizo zimekwisha kusomwa na Bwana Mweka Hazina, tena vizuri kuliko tungaliweza sisi. Kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo jingine, nalo ni mtumbwi.

Huenda mtu akacheka na kuuliza: Marangu na mtumbwi, wapi na wapi? Jawabu lake li katika maji yetu wenyewe. Maji yashukayo kutoka mlimani, yale ambayo hayakuingia katika mifereji ya vihamba, huenda zake tambarare na kukusanyika katika mito ya Kikuletwa na Ruvu. Mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambalo lilipojaa likawa ziwa la zaidi ya kilometa za mraba mia moja. Yalikoshuka maji, vijana wetu nao wameshuka. Kihamba kilichogawanywa kwa wana watatu, kisha kwa wajukuu tisa, hakiwezi kuwalisha wote. Hivyo leo wako wana wa wanachama wetu wanaovua perege na kambare huko Nyumba ya Mungu, na wengine katika Ziwa Jipe. Baadhi yao wamekileta kwetu ombi la mkopo wa mitumbwi na nyavu, na ombi hilo ndilo litakaloamuliwa na mkutano huu baada ya chakula.

Kabla ya kuamua, Kamati ilitutuma tukaone kwa macho. Tulikwenda sisi pamoja na mjumbe mmoja, naye kijana mwenye mtumbwi akatupokea kwa adabu nyingi. Kwa kuwa alituona tumevaa suruali safi na viatu, hakutaka tukae chini penye maji. Alichukua kreti la soda, akaliweka katikati ya mtumbwi, akakunja gunia juu yake, akatukaribisha. Tukakaa juu kama bwana arusi. Kwa kweli palikuwa pazuri kuangalia mandhari, na mkononi tulishika faili lenye maombi ya mikopo.

Alasiri upepo ulianza kuvuma na mawimbi yakainuka. Karatasi moja ikaruka kutoka katika faili, nasi tukainama upesi kuidaka. Hatukuwa na muda wa kusema lolote. Mtumbwi ulilala ubavu, maji yakaingia, na sote watatu tukawa ndani ya ziwa. Wazee wetu mnajua kwamba sisi watu wa mlimani wengi wetu hatujui kuogelea. Kilichotuokoa ni madumu mawili matupu ya maji ya kunywa, yaliyokuwa yakielea huku na huku. Watu wawili tulishikilia dumu moja, wa tatu akashika la pili, mpaka mtumbwi mwingine ulipofika kutuchukua. Faili lilizama. Wavu wa kijana ulizama pia, nao alikuwa bado anaulipia. Wavu ulizama, ndugu zangu, lakini deni halikuzama.

Tulipokuwa tumekaa ufukoni tukitetemeka, tulijiuliza kosa lilikuwa la nani. Upepo wa alasiri ni desturi ya mahali pale, na kijana alitutendea wema. Kosa lilikuwa ni kudhani kwamba raha ni jambo moja na salama ni jambo jingine. Tulitafuta raha kwa kukaa juu, nayo raha hiyo ikatutupa majini. Tangu siku ile tumewauliza wavuvi wengi waliozoea kazi, nasi twapenda kuwaeleza tuliyojifunza.

Jambo la kwanza ni mtumbwi wenyewe. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtumbwi wa gogo hauna tofauti kubwa na mzinga wa nyuki ambao wazee wetu waliuchonga. Ukipasuka kidogo, asali haikai. Basi kabla ya kununua, mtumbwi ukaguliwe ndani na nje. Nyufa zishindiliwe pamba na kupakwa lami, na mbao zilizooza zibadilishwe. Kingo zipigwe randa, zisiwe na vibanzi vya kuchoma mikono na kunasa nyavu. Mtumbwi mwembamba hupinduka upesi kuliko mpana. Watu wa pwani walilitambua hilo, nao huzitia ngalawa zao mbao mbili za kuelea, moja kila upande, zishikwe na miti iliyolazwa juu ya chombo. Katika maji mapana jambo hilo lafaa sana. Lakini katika Jipe, penye matete mengi, mbao hizo hunasa. Huko ni heri kuchagua mtumbwi ulio mpana tangu mwanzo.

Jambo la pili ni mahali pa kukaa. Kadiri mtu anavyokaa juu, ndivyo mtumbwi unavyokuwa mwepesi wa kupinduka. Na kadiri anavyokaa chini, ndivyo unavyotulia. Kwa hiyo kreti, kigoda na kiti cha miguu mirefu visiingie kabisa. Kiti bora ni ubao mpana uliopigiliwa chini ya ukingo, usioweza kuteleza. Nyuma yake paweza kuwekwa ubao mfupi wa kuegemea mgongo, na mbele yake mti wa kukanyagia miguu, ili mtu apige kafi kwa nguvu ya mwili wote, si ya mabega peke yake. Chini pawekwe sakafu ya fito, zenye nafasi kati yake, miguu ikae pakavu na maji yaonekane na kutekwa. Mtu asiulize kwa nini twahangaikia mgongo na miguu ya mvuvi. Mvuvi akaaye majini usiku kucha, miguu ikiwa imeganda na mgongo ukimwuma, mwishowe atasimama ili ajinyoshe. Na hapo ndipo atakapoanguka. Raha ya namna hii haimharibu mtu. Humwezesha kutulia, na kutulia ndiko usalama wake.

Jambo la tatu ni mpango wa vitu. Vizito vilazwe chini na katikati, sawasawa kuume na kushoto. Wavu uwekwe ndani ya tenga au beseni, usitandazwe miguuni, kwa maana mguu ulionaswa na wavu huvutwa pamoja nao. Ndoana zichomekwe katika kipande cha mti laini. Kisu kiwe karibu na mkono, kimefungwa kwa uzi, ili kamba iweze kukatwa kwa dharura. Samaki wawekwe ndani ya tenga, wafunikwe kwa gunia lililoloweshwa, wapate kufika sokoni Himo wakiwa wazuri. Na shehena iwe na kipimo: mtumbwi ukitulia, ukingo ubaki juu ya maji si chini ya shibiri moja na nusu. Wavuvi waweke alama ya rangi ubavuni, na alama ikifikiwa na maji, mtu mmoja ashuke, hata akiwa ni Katibu.

Juu ya shehena tusifanye mzaha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Ikiwa chombo cha chuma kilishindwa na uzito, mtumbwi wa gogo utasemaje?

Jambo la nne ni nanga na kamba. Nanga yaweza kuwa ya chuma, au jiwe lililofungwa vema. Kamba ya katani twaipenda, kwani katani ni zao la nchi yetu, lakini katika maji huoza. Kamba ya nailoni hudumu zaidi. Urefu wake uzidi kina cha maji mara tatu au zaidi, maana kamba fupi huivuta nanga juu na kuing'oa. Tena nanga ifungwe kwenye omo, yaani kichwa cha mbele, wala isifungwe ubavuni kamwe. Mtumbwi uliofungwa kwa omo hukabili wimbi kwa kichwa. Uliofungwa kwa ubavu hulipokea wimbi mahali palipo dhaifu.

Jambo la tano ni vifaa vya kujiokoa, na hapa ndipo penye shauri letu. Kila aliye ndani ya mtumbwi awe na jaketi la kuelea, nalo avae. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Madumu matupu yaliyofungwa vifuniko barabara yafungiwe chini ya viti, mbele na nyuma. Mtumbwi wa mti ukijaa maji huendelea kuelea, lakini huzama hadi kingoni, wala hauwezi kutekwa maji. Madumu huuinua, watu wakapata kuumwagia maji nje. Pawe na ndoo au kibuyu cha kutekea, kimefungwa kwa kamba, na kafi moja la akiba. Pawe na filimbi, kwa kuwa sauti ya mtu huchoka, na kurunzi kwa ajili ya usiku. Simu iwekwe katika chupa pana yenye kifuniko cha kukaza. Na mtumbwi ukipinduka, watu waushike wala wasiuache. Aonaye ufuko u karibu mara nyingi hudanganywa na macho.

Yako na mambo ambayo hayanunuliwi. Wavuvi waangalie mbingu, wasikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na warudi kabla upepo wa alasiri haujakaza. Wawaachie habari watu wa ufukoni, waende wapi na watarudi lini. Wasikatize njia ya kiboko, wala wasioshe samaki huku mikono imening'inia majini penye mamba. Tena washike Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003: wawe na leseni, wasitumie makokoro wala nyavu zilizokatazwa. Chama hakiwezi kumkopesha mtu wavu ambao kesho utateketezwa kwa moto.

Ndugu wanachama, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama majini katika mwaka 2021 peke yake. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kulikumbuka jambo hilo. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa akili ya mtu mmoja. Sisi twaihesabu kwa njia ndogo: siku ile tulikuwa watu watatu, na madumu yalikuwa mawili.

Basi shauri letu ni hili. Mtu asipewe mkopo wa wavu peke yake. Mkopo uwe wa mtumbwi ulio kamili: kiti cha chini, sakafu ya fito, nanga na kamba yake, madumu, ndoo, filimbi, na jaketi kwa kila mtu. Vitu hivyo Chama kivinunue kwa pamoja, bei ipate kupungua, na mjumbe mmoja avikague kabla fedha haijatolewa. Twajua wako watakaosema kwamba hivyo tutaongeza deni la vijana. Ni kweli, litaongezeka. Lakini deni la mtu aliye hai hulipwa kidogo kidogo. Deni la aliyezama humwangukia mama yake na mdhamini wake.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na KNCU ilipoundwa mwaka 1933, walitufundisha kwamba bei nzuri haipatikani siku ya mnada. Hupatikana nyuma, katika kupalilia, kuchuma zilizoiva na kuanika vema. Hata mfereji husafishwa na watu wote kwanza, ndipo maji yafunguliwe. Mtumbwi nao ni vivyo hivyo: usalama wake hutengenezwa nchi kavu.

Yule kijana aliyetupokea yupo hapa leo, ameketi pamoja na baba yake katika safu ya tatu. Amekwisha kutengeneza kiti cha ubao, tena kwa mikono yake, na ametukaribisha tena. Tumemwahidi kwamba tutakwenda, tutakaa chini, na faili tutaliacha ofisini.

Bwana Mwenyekiti, twaomba shauri hili lipigiwe kura. Mungu akibariki Chama chetu katika miaka kumi ijayo.