Kibao cha Lifti Lazima Kiseme Kweli

(Hotuba fupi kwa wanafunzi wa zamani, Moshi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, nasimamia majengo. Leo nitazungumzia kitu kidogo tu: vibao vya chuma vya lifti.

Jengo moja la ofisi hapa mjini lina lifti ya zamani. Baadhi ya vibao vyake vilikuwa vimefutika, vingine vimeng'olewa, na kiwanda hakitoi tena aina ile. Ikabidi tutafute vinavyofanana navyo. Mzabuni mmoja akaleta vibao vinavyong'aa kama kioo. Lakini kibao cha uzito kiliandikwa kilo 1,000, watu 13. Lifti yetu ni ya kilo 630, watu 8. Alinakili kibao cha jengo jingine!

Ndugu zangu, hesabu hiyo si pambo. Kanuni za lifti zinazofuatwa katika nchi nyingi humkadiria mtu mmoja kuwa kilo 75. Watu 8 ni kilo 600. Watu 13 ni kilo 975, yaani kilo 345 kupita uwezo wa lifti yetu. Niliambiwa nivipokee tu, kwa kuwa Juni 30 ilikuwa inakaribia na fedha zingerudi Hazina. Nilikataa kutia sahihi.

Kazi ikaenda kwa fundi mmoja wa Pasua. Alikata bamba la chuma cha pua, akalipiga msasa kwa kuelekea upande mmoja ili mistari yake ilingane na ya vibao vilivyobaki, kisha akachonga namba na kuzijaza rangi nyeusi. Tukaongeza nukta nundu, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikiwe na wote. Nukta hizo hazizamishwi, huinuliwa; kwa hiyo alitoboa matundu madogo na kugongomea gololi ndogo za chuma. Tena tarakimu hutumia nukta zile zile za herufi A hadi J. Bila alama ya tarakimu mbele yake, ghorofa ya 2 husomeka B. Kabla ya kuvifunga, tulimwomba mtumishi mwenzetu asiyeona avipapase vyote. Kimoja alikirudisha: alama ile haikuwapo.

Vijana, huku mlimani wahunzi wa Mamba wamesifika tangu zamani kwa mikuki yao. Mwenye mkuki alimjua mhunzi wake, na ukivunjika alijua pa kwenda kuuliza. Kibao cha lifti hakina jina la fundi wala la aliyetia sahihi, na anayekitegemea hatatujua kamwe. Basi mkikabidhiwa kazi, hata iwe ndogo, ulizeni kwanza kama inasema kweli. Kung'aa kutafuata.